Mama wa Kwenye Fomu

9 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekubali kupona, na hunyanyui makochi peke yako kama ulivyoniahidi. Mimi sijambo. Baridi ya huku haina adabu, lakini nina koti, nina soksi jozi mbili mguuni kwa wakati mmoja, na chakula nakula.

Tulifika salama wote kumi na wawili. Kitu cha kwanza alichofanya mwalimu mlezi ni kupitisha kapu na kukusanya simu zetu. Anasema hatukuja kubadilishana shule ili tukae vyumbani tukiongea na nyumbani. Miezi minne si mingi, mwenye hamu aandike barua. Wenzangu walilia. Mimi nilicheka, maana wewe na simu mlishagombana zamani.

Familia niliyopewa ni watu watatu. Baba mwenyeji ni fundi wa reli, anaondoka kabla hatujaamka. Binti yao ni rika langu, na ndiye atakayekuja kukaa kwetu zamu yao ikifika mwezi wa Juni, kwa hiyo anza kujiandaa: anaongea akila na anakula akiongea. Mama mwenyeji anaoka mikate kwenye duka la mtaa wa pili. Anarudi saa nane mchana, ana unga mpaka kwenye nyusi. Tunakaa ghorofa ya tatu, ngazi ni nyembamba, mizigo yangu ilipandishwa kwa zamu. Kochi lao nimelikagua. Springi mbili upande wa kushoto zimekufa, na aliyelivalisha kitambaa alipiga misumari mirefu mno. Sijasema kitu.

Sasa jambo lenyewe. Mama mwenyeji ananipenda kupita kiasi. Binti yake akipewa blanketi moja, mimi napewa mawili. Jana alinichana nywele mwenyewe, taratibu, kisha akanishika uso akasema, "Pole, mwanangu. Najua." Baba, nilielewa anajua nini. Amesoma fomu. Amesoma lile neno ulilonitajia mezani kwetu nami nikaliandika kwa mkono wangu kwenye nafasi ya mama: marehemu.

Nikasema asante. Ningesema nini?

Nisalimie jirani wa duka la vifungo.

Binti yako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako imefika Jumanne. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza mbiombio, mara ya pili kwa miwani, mara ya tatu kwa sauti ili jirani wa vifungo asikie kwamba nina mtu ng'ambo. Mgongo unakwenda kwa kuubembeleza. Huku hakuna aliyekufa wala aliyezaliwa, ila yule mteja wa kochi la rangi ya maziwa amerudi tena kusema sponji ni ngumu. Nimemwambia sponji ni nzuri, tatizo ni anayekalia.

Kuhusu misumari mirefu, umefanya vizuri kunyamaza. Mgeni hafundishi watu nyumba yao.

Na hilo lingine lisikuumize kichwa. Fomu ilitaka sahihi za wazazi wote wawili walio hai, na shule ilitupa siku tano. Mama yako huu ni mwaka wa nane tangu aondoke, wala hajulikani alipo. Ningemwomba nani sahihi, upepo? Bila lile neno nafasi ingepewa mwingine, na wewe ndiye uliyewashinda wote darasani. Asiyekuwepo na lake halipo. Hatujaua mtu, tumejaza karatasi. Huyo mama akikuonea huruma, ipokee, sema asante, kunywa chai.

Ila usimwambie mtu. Si mwalimu, si rafiki, na huyo binti anayeongea akila ndiye kabisa usimwambie. Wakijua watakurudisha kabla ya wakati, na mimi nitaitwa shuleni nisimame mbele ya mkuu kama mwizi wa kuku. Kitanda cha mgeni nimeshaanza, fremu tayari, nangoja mikanda ya kusuka pa kulalia.

Soma, mwanangu. Ona kila kitu.

Baba yako


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nashukuru, ila mafua yameniona mgeni yakanikaribisha. Wewe je? Nyumba je?

Umesema nione kila kitu, basi naona. Wiki hii tulipelekwa katikati ya jiji. Tumepanda mnara wa saa, ngazi mia mbili na kumi, mwalimu mlezi akabaki ya sabini anatupungia mkono. Tumevuka daraja la chuma kwa miguu, treni inapita chini yako mpaka meno yanagongana. Kisha makumbusho. Kuna chumba kizima cha viti vya wakubwa wa zamani, Baba! Niliinama kuchungulia chini ya kimoja nione mikanda ilivyosukwa. Mlinzi akanikemea. Nikamweleza baba yangu ni fundi makochi, na yeye, usiamini, akaangalia huku na huku, akainama nami. Wamesuka kama wewe, moja juu moja chini, wakavuta mpaka ukigonga inalia.

Nilifurahi mpaka Jumapili.

Jumapili mama mwenyeji alinunua maua mafungu mawili akanichukua makaburini. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alipanga maua yake pale, akafuta jiwe kwa kitambaa cha jikoni. Kisha akanipa fungu la pili. Akasema, "Wako yuko mbali, lakini ardhi ni moja. Mwekee hapa." Akanieleza kwamba waandaaji walimletea fomu kumi na mbili achague mgeni. Alipofika kwenye yangu, hakusoma nyingine.

Niliweka maua, Baba. Nilipiga magoti nikayaweka, naye akanishika bega akawa analia kwa ajili ya mama yangu. Amesema tutakwenda kila Jumapili.

Kwa hiyo mablanketi haya mawili si yangu. Kuna msichana aliyefiwa kweli, na ndiye angepaswa kulala hapa.

Nakuuliza kitu kimoja, unijibu. Ulimtafuta mama kabla hatujajaza ile fomu?

Binti yako


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Pole kwa mafua, kunywa vya moto.

Habari ya viti imenifurahisha, nimewasimulia wateja wote. Mengine tuyaache. Ukichimba sana kilichozikwa utatoa harufu tu. Miezi miwili na nusu imebaki, si mingi. Maua hayajamdhuru mtu.

Mikanda ya kitanda cha mgeni imefika.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, maana hujaandika tangu ile barua yako fupi kama risiti. Kama ni mgongo, mwambie jirani aniandikie kwa niaba yako.

Juzi tulipelekwa kiwanda cha kioo na kesho yake ukumbi wa jiji. Mkubwa wa jiji alitupa mkono mmojammoja. Mama mwenyeji alikuwepo, akamnong'oneza kitu, na yule mkubwa akarudi kunipa mkono mara ya pili, akaufunika kwa mikono yote miwili. Wenzangu wakanitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

Nilikuuliza swali. Bado nangoja.

Binti yako


13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili. Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nikianza barua naiona inaongea uongo kwenye mstari wa pili, nachana.

Swali lako ninalijibu. Sikumtafuta, kwa sababu sikuhitaji kumtafuta. Nilijua alipo. Anafua mashuka kwenye hospitali kubwa, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka hapa, na nimejua hivyo kwa miaka sita. Ningeweza kwenda asubuhi nikarudi jioni na sahihi mkononi. Sikutaka kumwomba kitu. Siku alipoondoka tulikuwa tumegombana mwezi mzima, nikamwambia, ukivuka kizingiti hiki usirudi, na mtoto humchukui. Akavuka. Wewe nikakuambia hajulikani alipo. Fundi mvivu huvalisha kitambaa kipya juu ya kilichooza, na nimewacheka mafundi wa hivyo miaka ishirini. Sasa nami nimo.

Nimelazimika kusema kwa sababu mwenyewe amekuja.

Ilikuwa hivi. Kwenye mkutano wa wazazi, mkuu wa shule aliwasifu waliosafiri, alipofika kwako akasema umefika hapo ukiwa umefiwa na mama. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alisikia. Wiki iliyofuata akampeleka dada yake kwenye hospitali ile, na kwenye korido akakutana na marehemu anasukuma toroli la mashuka. Alipiga ukelele, akakimbia, akaacha ndala. Mama yako akamfuata na ndala mkononi amrudishie, na yule ndio akazidi mbio. Ingekuwa habari ya watu wengine ningecheka mpaka nidondoke.

Jumamosi nilikuwa nang'oa misumari, nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Akasema, "Hodi. Nimesikia nimekufa, nikaona nije kwenye msiba wangu." Nilimkaribisha kwenye kochi ambalo halijawekwa sponji, akakaa juu ya springi tupu bila kulalamika. Hakugomba. Miaka ile tungekuwa tumeshawaita majirani kwa kelele. Akataka kuiona fomu. Nakala ninayo, nikampa. Akaisoma muda mrefu, kidole kwenye lile neno. Kisha akauliza, "Hili neno aliandika nani?"

Nikasema ni mimi.

Akairudisha, akaniuliza kama unakula vizuri huko, nikasema ndiyo. Akaondoka. Hakunywa hata maji. Shuleni hakwenda wala hasemi atakwenda.

Kwa hiyo upo salama. Nimeshasema ni mimi, na maneno yalikuwa yangu kweli, wewe ulikuwa kalamu tu. Liache hivyohivyo. Maliza miezi yako, urudi na cheti. Mzigo huu ni wa baba.

Baba yako


24 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako niliipata Jumamosi nikaisomea chooni, ndiko pekee kunakofungwa kwa ufunguo. Nilikukasirikia sana. Bado nimekukasirikia, nakuambia ukweli, na bado wewe ni baba yangu. Miaka sita, Baba! Siku zote hizo za wazazi shuleni nilikuwa nikiangalia mlango.

Nina habari, na ninaomba ukae kwanza.

Jumapili maua yalikuwa tayari mezani, mafungu mawili kama kawaida, mama mwenyeji amevaa koti. Nikashindwa kusimama. Nikamwambia. Kwa lugha yao ninayoibahatisha ilinichukua sentensi tatu: mama yangu yuko hai, tulijua yuko hai, neno lile ni letu.

Alikaa. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikasema anafua mashuka hospitalini. Akacheka, lakini si kwa furaha. Akasema, "Miezi miwili namlilia mwanamke anayefua mashuka." Nililia, nikaomba radhi, hakunizuia kulia wala hakunibembeleza. Nikamuuliza, kama ningeandika kweli, kwamba mama aliondoka, angenichagua? Alifikiri. Akasema, "Sijui." Akachukua mafungu yote mawili akaenda peke yake.

Siku tatu tulisemeshana ya lazima tu: chumvi, mlango, habari za asubuhi. Binti yake aliacha hata kuongea akila. Siku ya nne nilikuta karatasi na bahasha kitandani kwangu. Akasema kutoka mlangoni, mgongo umenielekea, "Mwandikie. Mimi ningetoa vidole vyangu viwili nipate mtu wa kumwandikia." Hajanisamehe. Lakini alisubiri mpaka nikaketi mezani.

Mwalimu mlezi nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Waandaaji wamekaa kikao. Fomu yenye uongo haisimami, wamesema, na huo ndio utaratibu. Narudi tarehe kumi na sita Mei, wenzangu wanabaki. Cheti hakuna. Binti wa hapa atapangiwa familia nyingine huko kwetu. Najua umeshapiga mikanda kile kitanda. Najua pia utaitwa shuleni. Nisamehe kwa hilo. Ulitaka kubeba peke yako, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiwekewa maua mkononi.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine iliyofungwa. Ni ya mama. Usiifungue, na usiitume kwa posta. Panda basi, umpelekee.

Binti yako


24 Aprili

Kwa Mama,

Shikamoo. Sijui habari za kazi wala za afya yako, kwa hiyo nauliza kweli: hujambo?

Baba alikuambia kwamba yeye ndiye aliyeandika lile neno. Si kweli. Yeye alilitaja, kalamu ilikuwa yangu, na mkono haukutetemeka.

Kuna kingine ambacho hata Baba hajui. Nilikuwa nimeshakusema hivyo kabla ya fomu. Nilipokuwa darasa la tano wasichana waliniuliza mbona mama hafiki siku ya wazazi. Nikasema amekufa. Walininunulia andazi, wakanishika mkono. Ilikuwa rahisi kuliko kusema hukutaka kukaa nasi. Tangu hapo nimelisema kila nilipoulizwa, miaka mitano, mpaka likawa halinitekenyi hata kidogo. Baba aliponitajia kwenye fomu, alidhani ananifundisha.

Sikuombi kitu. Nimeona usidanganywe na wote wawili.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mikono tu inachubuka kwa sabuni, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Barua yako ameileta baba yako mwenyewe. Alisimama kwenye lango la hospitali amevaa suti, watu wakadhani ameleta maiti. Hakuifungua, nimekagua gundi. Tulikaa kwenye benchi robo saa. Aliniomba msamaha kwa ile miaka. Nimemwambia nimesikia. Kumjibu nitamjibu nikiwa tayari.

Nilijua si yeye aliyeandika. Nimeishi na baba yako miaka kumi, herufi zake zinapanda juu kama zinakwenda kuezeka paa. Zile zilikuwa zimekaa sawa, kila moja mahali pake. Nikajua ni za mtoto. Ndiyo maana sikunywa maji yake. Nililia kwenye basi mpaka kondakta akaniuliza ni nani amefariki.

Nilikuwa nimeamua nisiulize tena, nione kama kuna atakayeniambia. Umeniambia wewe.

Hilo la darasa la tano limeniuma kuliko fomu, sikufichi. Nimekaa nalo siku mbili nikikunja mashuka. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Baba yako alinikataza nyumba, kalamu hakunikataza. Miaka minane sikukuandikia hata salamu, kwa aibu, na kila mwaka uliopita uliongeza aibu ya mwaka unaofuata. Mama aliyekufa na mama asiyeandika, mtoto atawatofautishaje? Wasichana walikuuliza, ukawajibu ulivyoona. Sina pa kukushtaki.

Watu husema yaliyopita si ndwele. Haya yetu ni ndwele, tena yana homa. Sitaki tuanze kwa kujidanganya tena.

Tarehe kumi na sita nimeomba ruhusa kazini. Nitakuja uwanja wa ndege. Baba yako atasimama mbele mahali pake, nami nitakaa nyuma, karibu na mlango wa kutokea. Nitavaa sare ya kazini, ya bluu, kwa sababu sina hakika kama sura yangu unaikumbuka. Ukitaka, nijie. Usipotaka, pita na baba yako mwende nyumbani, wala usigeuke kwa kunionea huruma. Sitakuita. Nitakuwa nimekuona, nami nitarudi kazini zamu ya jioni.

Nashukuru kwa kuniandikia ukweli.

Mama yako